Kata Mbili Ni Ngapi? Jinsi ya Kuchunguza Unywaji wa Pombe, Hatua kwa Hatua

Jumatatu asubuhi chumba cha kufungia vidonda hujaa. Mmoja kaanguka na bodaboda, mwingine kapigwa chupa, wa tatu hakumbuki lililompata. Kuna kijana nilikuwa namshona juu ya nyusi, nikamuuliza kama anakunywa pombe.

"Kidogo tu, nesi. Kata mbili."

Nikaandika kwenye faili: anakunywa kidogo. Wiki mbili hazijaisha karudi, safari hii ni mkono. Ndipo nikamwomba anionyeshe chombo chochote mle chumbani kinacholingana na hiyo kata yake ya mbege, pombe ya kienyeji ya ndizi. Akaangaza macho, akanyoosha kidole kwenye jagi la plastiki la lita moja. Nikamuuliza: hizo mbili ni za jioni nzima?

"Hapana, hizo ni kabla ya kula."

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu ya jagi lile. Ni kwa nesi, tabibu na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, lakini hata wewe unayetaka kujipima mwenyewe kimyakimya jioni ya leo utaweza kuufuata. Kifaa tutakachotumia ni AUDIT, dodoso la maswali kumi la Shirika la Afya Duniani. Maswali yake yalitokana na kazi iliyofanyika katika nchi sita: Norwei, Australia, Bulgaria, Meksiko, Marekani na Kenya. Kwa hiyo si mgeni kwetu. Baadaye tafsiri ya Kiswahili ilifanyiwa majaribio Moshi, katika hospitali ya KCMC, kwa wagonjwa walioumia kichwa.

Hatua ya kwanza: jua unamtafuta nani

Wengi wetu tukisikia "uchunguzi wa pombe" tunamfikiria yule anayelala mtaroni. Huyo hahitaji dodoso, kijiji kizima kinamjua. Unayemtafuta hasa ni mtu anayekwenda kazini kila siku, analipa ada, anaimba kwaya, ila anakunywa kiasi ambacho kitamletea matatizo. Huo tunauita unywaji hatarishi: madhara bado hayajaonekana, yapo njiani. Akishaanza kupata vidonda vya tumbo, presha isiyoshuka, ajali au ugomvi nyumbani, ni unywaji wenye madhara. Na akifika mahali ambapo pombe ndiyo inayompangia siku, mwili unatetemeka bila hiyo, ni utegemezi.

Katika hao watatu, wa kwanza ndiye anayefaidika zaidi na dakika zako kumi. Ndiye pia tunayemruka kila siku.

Hatua ya pili: omba ruhusa, tena mkiwa wawili

Uliza kila mtu mzima. Usimruke mtu kwa sababu amevaa kanzu, ameshika rozari, ni mwalimu mkuu, au ni bibi wa miaka sabini. Ukichagua wa kuuliza kwa kumtazama, wale unaowauliza watajua kwamba umewatilia shaka, na jibu utakalopata ni la kujitetea.

Faragha si jambo la hiari. Niliwahi kumuuliza mama mjamzito huku mama mkwe wake amekaa benchi la pembeni. Akasema hajawahi hata kuonja. Mwezi uliofuata alikuja peke yake, akaniambia mwenyewe kwamba yeye ndiye anayepika pombe pale nyumbani, na mpishi lazima aonje kujua kama imeiva. Anaonja asubuhi, anaonja mchana, anaonja wateja wakilalamika. Kwa mjamzito hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, na mimi nilipoteza wiki nne kwa uvivu wa kumwomba mkwe atupishe.

Namna ya kuanza: "Mzee shikamoo. Hapa tunamuuliza kila mtu kuhusu chakula, sigara na pombe, kwa sababu vinaingiliana na dawa tunazotoa. Naomba nikuulize maswali machache kuhusu pombe. Majibu yako yanabaki hapa." Basi. Usianze na "wewe ni mlevi?" wala "unakunywa sana?" Neno "sana" kila mtu analipima kwa jirani yake, na daima kuna jirani anayekunywa zaidi.

Kama mtu amekuja akiwa amelewa, mtibu kilichomleta, maswali yasubiri.

Hatua ya tatu: geuza chombo kuwa vipimo

Hapa ndipo kazi inapoharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

AUDIT inahesabu kwa kinywaji chenye gramu 10 za alkoholi halisi. Hicho nitakiita kipimo kimoja. Kukipata, chukua ujazo kwa lita, zidisha kwa asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, kisha zidisha kwa 0.79. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5: 0.5 mara 5 mara 0.79, unapata karibu 2. Yaani chupa moja ya bia si kinywaji kimoja, ni viwili. Anayesema "bia tatu tu" amekunywa vipimo sita.

Endelea hivyohivyo. Chupa ndogo ya robo lita ya pombe kali yenye asilimia 35 ni karibu vipimo 7. Mzinga wa mililita 750 wenye asilimia 40 ni karibu 24. Chupa nzima ya mvinyo wa asilimia 12 ni 7. Toti moja ya mililita 30 ya pombe ya asilimia 40 ni kipimo kimoja, na hiyo ndiyo kumbukumbu rahisi kuliko zote. Viroba, yaani pombe kali ya pakiti ndogo, vilipigwa marufuku Tanzania Machi 2017, kwa hiyo mtu akikutajia kiroba leo, muulize anamaanisha chupa ipi.

Pombe za kienyeji hazina lebo. Mbege, busaa, ulanzi, komoni, mnazi: nguvu yake inategemea imelala siku ngapi. Mnazi uliogemwa asubuhi si ule wa jioni. Mimi hukadiria asilimia 4, maana yake lita moja ni kama vipimo 3, kisha namuuliza: "Ilikuwa changa au imeshakomaa?" Akicheka na kusema imekomaa, najua nimekadiria chini. Gongo, au chang'aa kama wanavyoiita Kenya, ihesabu kama pombe kali: nusu ya chupa ya maji ya nusu lita ni vipimo 8 hivi. Kumbuka tu kwamba hesabu hii haisemi lolote kuhusu sumu. Mtu aliyekunywa gongo kisha akasema macho yanaona ukungu, achana na dodoso, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Huenda ni methanoli, alkoholi yenye sumu.

Halafu kuna kunywa kwa pamoja. Watu wanne wamenunua ndoo ya lita kumi, kata inazunguka, nani anajua amekunywa ngapi? Gawanya: lita mbili na nusu kila mmoja, vipimo 7 au 8. Baa nako kuna "moja moto, moja baridi", chupa mbili ambazo mnywaji anazikumbuka kama oda moja. Na usisahau za kununuliwa. Wengi wanahesabu walizolipia tu.

Weka kwenye droo kopo la lita moja, chupa tupu ya bia na kifuniko cha toti. Mwambie mtu akuonyeshe. Mkono haudanganyi kama mdomo.

Hatua ya nne: maswali yenyewe

Uliza kwa mpangilio, kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo. Yote yanahusu miezi 12 iliyopita, isipokuwa mawili ya mwisho yanayogusa maisha yote.

1. Unakunywa pombe mara ngapi? Sinywi kabisa = 0; mara moja kwa mwezi au pungufu = 1; mara 2 hadi 4 kwa mwezi = 2; mara 2 hadi 3 kwa wiki = 3; mara 4 au zaidi kwa wiki = 4.
2. Siku unayokunywa, kwa kawaida unakunywa vipimo vingapi? 1 au 2 = 0; 3 au 4 = 1; 5 au 6 = 2; 7 hadi 9 = 3; 10 au zaidi = 4.
3. Ni mara ngapi unakunywa vipimo 6 au zaidi kwa mkao mmoja?
4. Ni mara ngapi umejikuta huwezi kuacha ukishaanza?
5. Ni mara ngapi umeshindwa kufanya jambo ulilotegemewa kulifanya, kwa sababu ya pombe?
6. Ni mara ngapi umehitaji kunywa asubuhi ili mwili ukae sawa baada ya kunywa sana jana yake?
7. Ni mara ngapi umejuta au kujilaumu baada ya kunywa?
8. Ni mara ngapi umeshindwa kukumbuka yaliyotokea usiku uliotangulia kwa sababu ya pombe?
9. Je, wewe au mtu mwingine amewahi kuumia kwa sababu ya kunywa kwako?
10. Je, ndugu, rafiki, daktari au mhudumu wa afya amewahi kuonyesha wasiwasi kuhusu unywaji wako au kukushauri upunguze?

Swali la 3 hadi la 8 alama ni hizi: haijatokea = 0; chini ya mara moja kwa mwezi = 1; kila mwezi = 2; kila wiki = 3; kila siku au karibu kila siku = 4. Swali la 9 na la 10: hapana = 0; ndiyo, lakini si mwaka huu uliopita = 2; ndiyo, ndani ya mwaka uliopita = 4.

Yapo maswali yanayohitaji kusaidiwa. La 5 likiulizwa kavukavu watu husema hapana. Taja mifano: kikao cha shule ulichokikosa, duka lililofunguliwa saa nne badala ya saa moja, ng'ombe aliyelala bila kukamuliwa. La 6 litawachekesha, kwa sababu lina jina lake mtaani: kuzimua. Kenya wanasema kutoa lock. Supu ya Jumapili asubuhi na bia moja ya kuzimua ni sehemu ya desturi, mtu haoni kama ni jambo la kumwambia nesi. Liandike. Na la 8, kwa vijana uliza tu: "Huwa unazima data?" Watakujibu haraka kuliko ukisema "kupoteza kumbukumbu".

Kuna ruhusa ya kuruka. Aliyejibu sifuri swali la 1, nenda moja kwa moja la 9 na la 10. Vilevile kama jumla ya la 2 na la 3 ni sifuri. Ruhusa hii ni nzuri na ni mtego.

Turudi kwa yule kijana. Anakunywa mara mbili au tatu kwa wiki, alama 3. Ningezihesabu "kata mbili" kama vinywaji viwili, swali la 2 angepata sifuri, la 3 sifuri, na fomu yenyewe ingeniruhusu kuruka hadi la 9. Kaumia mwaka huu, 4. Mama yake alishamsema miaka ya nyuma, 2. Jumla 9. Sasa tumia jagi: kata mbili kabla ya kula na mbili baada ya kula, lita nne, vipimo 12. Swali la 2 ni 4. La 3, kila wiki, 3. Hakuna kuruka tena. La 4 ni 1, la 5 ni 1, la 6 sifuri, la 7 ni 1, la 8 ni 1, kisha zile 4 na 2. Jumla 20. Mtu yuleyule, ukweli uleule aliousema, ila jagi moja limemtoa kwenye kundi la ushauri mfupi na kumweka kwenye kundi la rufaa.

Hatua ya tano: soma jumla, kisha soma ilikotoka

Alama 0 hadi 7: mpe elimu fupi, mpongeze, endelea na kilichomleta. Alama 8 hadi 15: ushauri wa kupunguza, papo hapo. Alama 16 hadi 19: ushauri wa kina zaidi na kumfuatilia. Alama 20 hadi 40: mpeleke kwa mtaalamu amchunguze kama ana utegemezi. Kwa wanawake na watu waliopita miaka 65 ni busara kuanzia 7 badala ya 8, kwa sababu kiasi kilekile cha pombe huwakaa mwilini kwa nguvu zaidi.

Usiishie kwenye jumla. Alama zikitoka maswali ya 2 na 3, tatizo ni kiasi. Zikianza kuonekana kwenye la 4, la 5 na la 6, hasa kila wiki au kila siku, utegemezi unaingia au umeshaingia hata kama jumla ni ndogo. Za 7 hadi 10 zinakuambia madhara yameshatokea.

Foleni ikiwa ndefu, uliza matatu ya kwanza peke yake. Mwanaume akipata 4 au zaidi, mwanamke 3 au zaidi, endelea na yaliyobaki. Kuna pia dodoso fupi la maswali manne liitwalo CAGE, ambalo madaktari wengi walilisoma chuoni. Linanasa utegemezi vizuri, lakini mnywaji hatarishi hupita katikati ya vidole vyake.

Hatua ya sita: ongea, usihubiri

Mwambie alama zake kama unavyomwambia presha. "Baba, umepata 13. Kuanzia 8 tunaanza kuwa na wasiwasi. Wewe mwenyewe unaionaje?" Kisha nyamaza. Ukimya ule ni mgumu, lakini anayesema sababu za kupunguza awe yeye.

Swali ninalolipenda: "Toka sifuri hadi kumi, uko tayari kiasi gani kupunguza?" Akisema tatu, usimuulize kwa nini si kumi. Muulize kwa nini si sifuri. Mzee mmoja dereva wa lori alijibu, "Si sifuri kwa sababu mjukuu wangu ameanza kuniiga ninavyopepesuka." Sikuwa na ushauri wowote wenye nguvu kuliko huo.

Baada ya hapo shuka kwenye vitendo. Siku ngapi za wiki bila pombe? Nani atakaa na hela siku ya mshahara? Atakula kabla? Atapita njia ipi kukwepa kilabu? Maji katikati ya chupa na chupa. Chagueni jambo moja au mawili, yaandike. Kama anatumia dawa za kifua kikuu, mwambie wazi kwamba pombe pamoja nazo zinaelemea ini. Kama umemwandikia metronidazole, asiguse pombe hadi zipite siku tatu baada ya kumaliza dozi. Anayeendesha chombo cha moto, na mjamzito, ushauri ni kuacha, si kupunguza.

Moshi wameufanya ushauri wa aina hii kuwa programu kamili kwa wagonjwa wa ajali, wakaiita Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Jina lenyewe limekaa vizuri: halimwiti mtu mlevi, wala halimwambii atubu.

Hatua ya saba: kabla hujamwambia aache ghafla

Soma hapa mara mbili. Mtu anayekunywa sana kila siku, au anayezimua kila asubuhi, kuacha kwa ghafla kunaweza kumuua. Mikono hutetemeka, jasho, kutapika, moyo kwenda mbio, mara nyingi ndani ya siku ya kwanza. Degedege huja katika siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuanza kuweweseka, kuona wadudu ukutani, kuongea na watu wasiokuwepo. Nyumbani watasema amerogwa au amepandwa na mashetani, watampeleka kuombewa, na huko ndiko wengine wanakofia.

Huyo mwandikie rufaa ya hospitali, na usimwambie aache leo kabla hajafika. Kwa wenzangu wa wodini: vitamini B1 kwanza, dripu ya glukosi baadaye. Akiwa anatetemeka na homa au kuchanganyikiwa, ni dharura. Tanzania anzia hospitali ya wilaya, penye kitengo cha afya ya akili. Hospitali za Muhimbili, Dar es Salaam, na Mirembe, Dodoma, hupokea waliozidiwa. Kenya kuna simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, namba 1192, ambayo hata familia inaweza kupiga.

Hatua ya nane: mrudishe, mpime upya kwa chombo kilekile

Mpe tarehe, wiki nne zinatosha. Akirudi, usimfanyie AUDIT nzima upya. Wengi hukosea hapa, kisha wanamkatisha mtu tamaa. Maswali yale yanaangalia miezi 12 nyuma, kwa hiyo hata kama amekaa mwezi mzima bila tone, ajali ya Machi bado inampa 4 na alama zitabaki pale pale. Muulize matatu ya kwanza tu, kwa mwezi uliopita: siku ngapi, kiasi gani, mara ngapi umefika sita. Dodoso zima lirudie baada ya mwaka.

Andika kwenye faili ujazo wa chombo, si jina lake. Usiandike "kata mbili". Andika "lita 4 za mbege, mara 3 kwa wiki", ili nesi wa zamu nyingine asianze kutafuta jagi upya.